Mgeni Rasmi na Kisiki Chake

Mkuu wa shule niliyosoma, kule Tabora, aliponipigia simu mwezi wa nane alianza na "Mheshimiwa", nikageuka nyuma kuangalia nani kaingia ofisini. Mimi ni afisa ugavi wa kawaida tu hapa Dar es Salaam. Cheo changu kikubwa zaidi ni kushika pesa za mchango wa chai. Lakini yeye alikuwa ameshaamua: mahafali ya kidato cha nne, mgeni rasmi ni mimi, mhitimu wa 1998, "mmoja wa matunda ya shule yetu". Tunda likakubali kabla halijauliza bei.

Maana mgeni rasmi ana bei, hilo kila Mtanzania analijua. Huitwi ukakae meza kuu utafune korosho bure. Kuna risala, ndani ya risala kuna changamoto, na changamoto zote zinaishia kwenye mfuko wa suruali yako. Nilitenga laki tano. Mke wangu nikamwambia laki mbili.

Suruali yenyewe sasa. Suti niliinunua Kariakoo, fundi akashauri suruali aibane kidogo. Nikamwambia mimi mtu mzima. "Bosi," akasema huku pini ziko mdomoni, "siku hizi watu wazima ndio wanaobana." Akabana.

Nilipanda treni ya reli ya kati, ile ile iliyokuwa ikinipeleka shule na tranka langu. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912, na behewa nililopewa sitashangaa nikiambiwa lilikuja siku hiyo hiyo. Njia nzima naandika hotuba. Mada nilipewa na shule: uaminifu na nidhamu. Sasa, huwezi kuhutubia Tabora ukaruka mambo yake. Lazima umtaje Mwalimu Nyerere, alisoma mjini hapo na akarudi kufundisha hapo. Lazima uitaje 1958, TANU walipokutana hapo wakakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ule Uamuzi wa Busara. Treni inaingia stesheni, hotuba ina kurasa sita na uaminifu bado sijaufikia.

Siku ya siku, jua la Oktoba lilikuwa limesimama utosini. Maturubai yamefungwa chini ya miembe, wazazi wamejaa, wengine wameshaanza kujipepea kwa ratiba. Skauti wakanivisha skafu. Ngoma mbili na tarumbeta moja iliyoziba zikaanza, msafara ukaondoka getini kuelekea meza kuu, na mbele yangu, juu ya mchanga, wametandika zulia jekundu.

Zulia lile lilikuwa na kinundu katikati. Nilikiona kwa mbali, nikadhani ni mkunjo. Skauti wa mbele alikizunguka bila hata kukitazama, kama mtu anavyozunguka meza ya kwao gizani. Mkuu wa shule akakizunguka. Matroni akakizunguka. Mimi wakati huo nilikuwa nawapungia wazazi wa upande wa kushoto, wale wa kulia wakapiga vigelegele, nikageukia kulia.

Nilianguka kifudifudi, urefu wote, mikono mbele. Na wakati mguu mmoja umebaki nyuma, kazi yote ya fundi wa Kariakoo ikaachia kwa mpigo mmoja, kuanzia mkandani hadi karibu na goti. Mlio wake ulifika meza kuu.

Kimya. Halafu mshereheshaji, Mungu ambariki au amsamehe, akashika kipaza sauti: "Mgeni rasmi ameamua kuibusu ardhi ya shule yake! Makofi kwake!" Wazazi wakapiga makofi kweli. Bibi mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Pale chini zulia lilikuwa limejikunja, tukabaki uso kwa uso na chenyewe. Kisiki cha mwarobaini, ukubwa wa kigoda, juu kimekuwa cheusi, pembeni kina makovu ya panga yaliyopandana, na kwenye ubavu mmoja vichipukizi vitatu vya kijani vimekatwa juzi na tayari vinatoa maji. Nikainua macho. Hatua nane mbele yangu, mlingoti wa bendera. Jasho likabadilika joto.

Kikaja kivuli juu yangu. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, fimbo mkononi. Fimbo ni ile ile au ndugu yake, ila siku hizi inamsaidia kutembea. Mwalimu wetu wa nidhamu, mstaafu, alialikwa pamoja na walimu wa zamani. Akainama taratibu, magoti yakalia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ngapi ngapi?"

Hapa inabidi nirudi nyuma. Tarehe 12 Julai 1998 ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazili, mechi inaanza saa nne usiku kwa saa zetu. Mimi kidato cha nne, mtu mzima nisiyepangiwa saa ya kulala, nikaruka uzio nikaenda mjini kwenye banda la video. Nilirudi usiku wa manane. Nikaurusha mguu wa kwanza juu ya uzio, wa pili ukafuata, tochi ikawaka. Hakunikamata, hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ngapi ngapi?"

"Tatu bila, mwalimu. Ufaransa."

"Basi siku tatu. Kisiki cha mlingotini. King'oke."

Siku ya kwanza nilichimba kwa hasira, ya pili kwa malengelenge. Kisiki cha mpingo watu husifia hawajakutana na cha mwarobaini. Mizizi ilikuwa inaelekea Urambo. Siku ya tatu, saa kumi jioni, nikafanya uamuzi ambao haukuwa wa busara: nikakikata juu, nikakifukia, nikashindilia mchanga, nikatandaza majani, nikafagia kwa ufagio wa chelewa mpaka pakang'aa. Mwalimu akaja, akapatazama, akaniandika "amemaliza". Novemba tukafanya mtihani, nikapanda treni. Na Novemba hiyo hiyo, kama ilivyo desturi ya Tabora, mvua zikaanza.

"Tatu bila, mwalimu," nilijibu, mdomo umejaa mchanga. "Shikamoo."

"Marahaba. Inuka, watu wanasubiri."

Matroni alinifunga kanga kiunoni juu ya suti. Ilikuwa na maandishi: "Mdharau mwiba mguu huota tende." Wanafunzi wa safu za mbele waliyasoma kwa sauti, wote kwa pamoja, kama shairi la mtihani.

Hotuba nilitoa, ndiyo. Nikasema "itifaki imezingatiwa", nikamtaja Nyerere, nikaitaja 1958. Nilipofika kwenye uaminifu nilifanya kosa la kumtazama mzee. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo, anatingisha kichwa kunikubalia kila sentensi, kwa utaratibu mzuri sana. Nikaruka kurasa mbili. Risala ikasomwa: vitanda, printa, pampu ya kisima. Laki tano zikatoka zote, na ahadi ya printa juu yake, ambayo mke wangu ameijua leo kwa kusoma hapa.

Mshereheshaji akasoma ratiba: "Sasa mgeni rasmi atapanda mti wa kumbukumbu." Mche ulikuwepo tayari, wa mparachichi, na jembe jipya lenye utepe wa buluu. Mzee akanyoosha mkono akaomba kipaza sauti. Mstaafu akiomba kipaza sauti, nani atamnyima?

"Mti atapanda mkuu wa shule," akasema. "Huyu kijana hapandi. Huyu anang'oa."

Akaeleza yote. Tochi, uzio, tatu bila, mchanga, majani. Alikumbuka hata ufagio. Kisha akanigeukia: "Baada yako nimeadhibu watoto hawana idadi. Kisiki kile sikumpa mtu. Kina mwenyewe."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kuna mzazi alianguka na kiti cha plastiki. Nami nilichimba, na kanga yangu na skafu yangu, utepe wa buluu ukipepea, wapiga picha wamenizunguka. Nusu saa. Kisiki hakikutikisika hata kwa adabu. Mzee akaja akachomeka fimbo kwenye shimo, akaitoa, akapima kwa kidole penye mchanga.

"Mzizi mkuu bado. Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Nina miaka arobaini na tano. Nina watoto watatu, mmoja ananizidi urefu. Nilisema, "Ndiyo, mwalimu."

Zawadi yangu ilikuwa dumu la asali, lita tano. Usiku gesti nililamba vijiko viwili nikijishawishi kwamba mtu mzima halazimiki. Treni yangu lakini ilikuwa ya jioni, na nilijua atakuwepo. Saa kumi na mbili kasoro nikaingia getini na suruali ya mazoezi.

Mzee alikuwepo, amekaa kwenye kiti, anakunywa chai. Ila kwenye shimo nikakuta vijana wawili wa kidato cha pili wanachimba.

"Shikamoo mgeni rasmi."

"Marahaba. Hicho kina mwenyewe, nani kawapa?"

Wakatazamana. "Mwalimu wa zamu. Tulimcheka mgeni rasmi."

"Mlicheka sana?"

"Mimi kidogo tu," akasema mfupi, akamwonyesha mwenzake kwa mpini wa jembe. "Huyu ndiye aliyelala chini."

Nikavua saa nikaiweka juu ya tofali. "Basi aliyelala chini aje huku kwenye mzizi mkuu. Wewe toa mchanga."