Mbona Nicodemus sentensi moja tu?

Asante mwandishi kwa habari ya vile vimiji vya nyika za Marekani vinavyosherehekea waanzilishi wao, ila Nicodemus ya Kansas mmeipa sentensi moja tu jamani. Ule mji umeanzishwa 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, wengi wao miaka michache tu nyuma walikua watumwa, wakaambiwa huko kuna ardhi nzuri wakafunga safari na watoto na wazee, kufika hakuna nyumba, miti yenyewe ya kujengea ya kutafuta, watu wanaishi kwenye mashimo waliyochimba ardhini. Mama mmoja Willina Hickman alisimulia baadae alivyooneshwa moshi unatoka chini akaambiwa ndo Nicodemus hiyo, akaanza kulia. Kuna familia ziligeuza, na nani awalaumu? Waliobaki masimulizi yao yanasema wawindaji wa Kiosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ndo waliwagawia chakula ile baridi ya kwanza, sasa hapa ndo nataka wanaoandaa hizi sherehe wasikie, Waosage watajwe jukwaani maana kila hotuba ni "ardhi ilikua tupu" na haikua tupu!! Alafu 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto, wenye maduka wakahama kuifata, mji ukanyauka lakini wakulima hawakuuachia. Mpaka leo wajukuu wanarudi kila mwisho wa Julai toka majimbo mengine, na 2027 wanatimiza miaka 150. Tunaomba ukurasa mzima, na muwahoji wazee wa pale wenyewe.