Mlango wa Kukunja Pwani Uchaguliwe kwa Bawaba Zake

Ijumaa iliyopita tulisoma hitima ya marehemu babu nyumbani kwetu Bamburi, Mombasa, na kwa muda wa karibu saa nzima sufuria za biriani zilipitishwa dirishani. Mlango wa kukunja wa mita 3.6, ule tuliouweka miaka mitatu iliyopita mahsusi ili siku kama hiyo sebule na ua viwe kitu kimoja, ulikataa kufunguka. Vipande viwili vya kwanza vilikunjika hadi nusu, cha tatu kikapinda upande kama ngamia wa ufukweni anayekataa kupiga magoti, na cha nne hakikutikisika kabisa. Wazee waliokuwa wameketi jamvini walitazama kwa adabu. Mmoja wao, ambaye nyumba yake iko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na mlango wake ulikuwapo kabla hajazaliwa, aliniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi: "Mwanangu, huu mlango ni wa kufungua au ni wa kutazama?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo leo, na naliandika nikiwa bado nina hasira.

Nilipokwenda kununua mlango huo niliulizwa swali ambalo kila mnunuzi huulizwa: mbao, alumini au plastiki? Nikajibu alumini, nikaoneshwa rangi, nikapewa soda baridi, nikalipa bei ambayo sitaiandika hapa kwa kuwa mama husoma ninayoyaandika. Hakuna aliyenieleza bawaba zitakuwa za madini gani, magurudumu yatazunguka juu ya mhimili wa kitu gani, wala skrubu zitatoka katika boksi lipi. Nami sikuuliza, maana ni nani anayefunga safari hadi dukani kwenda kudadisi habari za skrubu? Muuzaji alinihakikishia kwamba alumini haishiki kutu, akaligonga fremu kwa kidole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, na biashara ikaisha.

Jumamosi alikuja fundi kuufungua, naye akanionesha kilichokuwa kimejificha ndani ya reli. Fremu zenyewe, nakiri bila furaha, zilikuwa nzima isipokuwa vidoa vya unga mweupe huku na huko. Lakini mihimili ya magurudumu ilikuwa ya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki nyembamba, na zinki hiyo ilikuwa imekwisha kwenda zake. Magurudumu yalikuwa yamegandamana na mihimili yake hata ikabidi yagongwe nyundo. Skrubu za bawaba, nazo za chuma hicho hicho, zilikuwa zimeifanyia alumini jambo ambalo sikulijua: madini mawili tofauti yakigusana mahali penye maji ya chumvi, lililo dhaifu kati ya mawili hayo huliwa, na hapa dhaifu ni alumini. Matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka, bawaba zikawa zinaning'inia, na kipande cha tatu kikawa kimeshuka hadi kulalia reli ya chini. Muuzaji hakusema uongo aliposema alumini haishiki kutu. Alichonyamazia ni kwamba alumini yake ilikuwa imeshikwa na vitu ambavyo kutu huvipenda sana.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu naona swali la mbao, alumini au plastiki, tunaloliuliza kwanza, lingepaswa kuwa la pili. Mlango wa kawaida una bawaba mbili au tatu, na mmoja ukiwa na bawaba iliyoshika kutu utapiga kelele, utapakwa mafuta, na maisha yataendelea. Mlango wa kukunja hauna subira hiyo. Kila kipande kimeshikwa na jirani yake, kila kiungo lazima kitembee wakati mmoja na vingine, na kiungo kimoja kikikwama vyote vimekwama. Mlango wetu una bawaba 12. Ongeza uzito: kioo cha unene wa milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba, na kipande chenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2.4 kina zaidi ya mita 2 za mraba, kwa hiyo kioo peke yake ni kama kilo 30 kabla fremu haijahesabiwa. Kipande hicho hicho kikichongwa kwa mvule mtupu wa unene wa sentimita 4, kinapita kilo 50. Uzito huo wote hauchukuliwi na kitu ulichochagua rangi yake. Unachukuliwa na magurudumu yasiyozidi ukubwa wa kifungo cha koti.

Sasa yaweke magurudumu hayo Mombasa. Mawimbi yanapovunjika kwenye miamba, matone membamba ya maji ya chumvi hupaa na kubebwa na upepo, na Kusi likivuma huyaleta moja kwa moja hadi barazani petu, mwendo wa dakika tano kutoka baharini. Chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji kutoka hewani unyevu unapopita asilimia 75, na usiku wa mji huu hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Kwa maneno mengine, chuma chetu hulala kimelowa hata usiku ambao tone la mvua halikuanguka. Na msidhani kwamba mlango ulio chini ya paa la baraza umesalimika. Huo ndio unaoumia zaidi, kwa kuwa mvua haiufikii ili kuuosha, na chumvi ya mwezi huu hukaa juu ya chumvi ya mwezi uliopita. Wataalamu wanaoishi mbali na bahari hutushauri tuusuuze mlango kwa maji matamu mara kwa mara. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba maji ya bomba kwetu huja yanapotaka, na ya kisimani yana chumvi kiasi kwamba kuyatumia kuoshea mlango ni sawa na kumfuta mtu jasho kwa taulo lililolowa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo anunue mlango wa nini, namjibu anunue kwanza bawaba, magurudumu na skrubu za stenlesi, na asikubali kila kinachoitwa stenlesi. Ile ya kawaida madukani ni daraja la 304, ambayo huvumilia jikoni lakini pwani huanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Inayofaa karibu na bahari ni 316, ambayo imeongezwa madini yaitwayo molibdeni, takriban asilimia 2, na kidogo hicho ndicho kinachopambana na chumvi. Wauzaji wengine hutoa sumaku mfukoni, wakaiweka juu ya bawaba, na sumaku isiponata wakatabasamu kana kwamba wametoa ushahidi mahakamani. Sumaku itakusaidia kumkamata anayekuuzia chuma cha kawaida kilichong'arishwa, basi. 304 na 316 zote mbili haziivuti sumaku kwa namna ya kutofautishwa, kwa hiyo mwombe maandishi, au nenda kwa wanaouza vifaa vya mashua, ambao wateja wao wakidanganywa huzama. Na hata ukiipata 316, skrubu zake zisiiguse alumini uso kwa uso: kipete kidogo cha plastiki kati yao, ambacho bei yake haifiki ya kikombe cha kahawa ya mtaani, kingeokoa matundu yangu.

Wale mafundi wa zamani wa Mji wa Kale hawakuwahi kusikia habari za molibdeni. Lakini tazameni milango yao. Mlango wa Kiswahili wa vipande viwili vinavyokutana kwenye mfaa, ule mti wa katikati, haukutundikwa kwa bawaba za chuma. Kila kipande kina kigingi juu na kigingi chini, vinavyozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Mbao inazungukia ndani ya mbao. Iwe walifanya hivyo kwa sababu ya chumvi au kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na baba zao, matokeo ni kwamba mahali panapobeba uzito hapana cha kushika kutu. Simshauri mtu achonge vigingi kwa ajili ya mlango wa mita 3.6, kwani haukubali. Nyumba zile vyumba vyake vilikuwa vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, na hapakuwa na mwenye nyumba aliyeota kuondoa ukuta mzima ili aone bustani. Nasema tu kwamba wao walianza kufikiri penye uzito, nasi tunaanza penye rangi.

Tukishakubaliana hapo, habari ya vipande vyenyewe ni nyepesi. Plastiki ya PVC, ile inayojikunja kama kinanda cha taarabu, si ya kudharauliwa kama nilivyokuwa nikiidharau: hailiwi na chumvi, ni nyepesi, na kwa bafu, stoo, au kugawa chumba cha watoto katika nyumba ya kupanga inatosha kabisa. Ikiwekwa kwenye jua la alasiri itageuka manjano, itakauka, na mtoto ataivunja kwa mpira. Bodi za MDF, zile za nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, karibu na unyevu huvimba kama mandazi. Chuma cha geti kwa mlango wa kukunja ni kazi ya kuchubua na kupaka rangi kila baada ya Ramadhani, mwenye nguvu na aichukue.

Alumini, nilikwisha kuapa kutoisifu, lakini haki ni haki. Haiogopi mchwa, haivimbi wakati wa masika, na ikitengenezwa sawasawa hudumu. Kutengenezwa sawasawa ndiko kunakokosekana. Kama imepakwa rangi ya unga ya kuokwa, uliza ilisafishwa vipi kabla ya kupakwa, maana chumvi huingia penye mkwaruzo na kutembea chini ya rangi kama mchwa chini ya zulia. Kama ni ile ambayo ngozi yake imeneneshwa kwa umeme ndani ya tindikali, kwa majirani wa bahari ngozi hiyo iwe mikroni 25, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Muuzaji akikushangaa ukimtajia mikroni, umekwisha kujibiwa.

Mimi mara hii nimechagua mbao, na najua nitakachoambiwa: mbao hucheza. Ni kweli, hucheza, nayo hucheza kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu, hunywa unyevu wa masika na kuutoa Kaskazi likikausha. Lakini seremala anayejua kazi hashindani na mchezo huo. Kibao cha katikati hukiacha kielee ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, kikipata nafasi ya kuvimba na kusinyaa, na huacha mwanya kati ya kipande na kipande. Mbao zinazotoka bara zimekaushwa kwa hewa ya bara. Zikichongwa siku ya kushushwa kwenye lori, zitakuja kunenepea ndani ya fremu. Zipumzishwe kwanza katika nyumba zitakamoishi. Ami yangu, aliyekuwa akitengeneza majahazi, aliuheshimu mvule na msaji kuliko alivyotuheshimu sisi watoto. Mbao hizo zina kinga yake zenyewe dhidi ya mchwa na kuoza, na majahazi hupakwa sifa ya papa, yaani mafuta ya ini lake, ili maji yasizipenye. Sitaipaka sebule sifa ya papa, mama atanihamisha, lakini mafuta ya mbao kila mwaka nayaweza. Mvule una kero yake moja: mara nyingine huficha mawe ndani, chokaa iliyogandamana mti ulipokuwa ukikua, na msumeno ukilikuta jiwe hilo seremala hutamka maneno yasiyofaa kuandikwa hapa.

Kuhusu uzito, seremala wangu alipunguza kwa akili. Badala ya vipande vinne vya sentimita 90 tutakuwa na sita vya sentimita 60, na nusu ya juu ya kila kipande itakuwa ya vibao vya kupishana kama madirisha ya zamani, ili upepo upite hata mlango ukiwa umefungwa na mvule mwingi ubaki kwa aliyeuuza. Bawaba zitakuwa nyingi zaidi, ndiyo, lakini kila moja itabeba kidogo. Uzito utaning'inia juu, kwenye boriti ya zege aliyoipima kwanza kwa kamba kuona kama imepinda, na reli ya chini itabaki ya kuongoza tu, kwa sababu Bamburi mchanga huingia ndani na miguu ya kila mgeni, na gurudumu linalobeba kilo 40 juu ya mchanga haliwezi kuishi.

Mbao zimelala barazani wiki ya pili sasa, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na mama ameziba mwanya kwa pazia ambalo mbuzi wa jirani amekwisha kulionja. Jana nilimwuliza seremala lini ataanza kuchonga. Alinyoosha mkono kama anayedai nauli, akasema, "Niletee bawaba nizishike kwanza."