Nilianza Kama Bayi

Wiki tatu kabla ya zile mbio za hisani za kilomita 10 nilijiandaa kwa kila namna isipokuwa kukimbia. Nilinunua raba za rangi ya machungwa, nikanunua na bukta, na kila jioni nikawa najilaza kwenye kochi naangalia video za mabingwa. Nilishasikia kwamba mchezo ni kichwa, miguu hufuata. Kichwa nilikuwa nacho.

Kocha wa joging ya mtaani kwetu alinionya. "Kaka, kimbia mwendo ambao unaweza kupiga stori na mwenzako. Ukiona maneno yanakatika, punguza." Nikamwona mtu asiye na malengo. Mimi nilikuwa na mpango: naanza kama Filbert Bayi, katikati natabasamu kama Eliud Kipchoge.

Bayi, kwa mliozaliwa juzi, ndiye aliyeongoza fainali ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 toka mwanzo hadi utepe, bila kujificha nyuma ya mgongo wa mtu, akaweka rekodi ya dunia: dakika 3 na sekunde 32.2. Kipchoge naye hutabasamu makusudi akiwa barabarani ili mwili ulegee, na mwaka 2019 kule Vienna alimaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Honi ikalia Coco Beach. Nikatoka kama mwizi wa simu Kariakoo. Mita mia mbili nzima niliwaongoza watu wote, hata vijana wembamba ambao kwa kuwaangalia tu unajua kazi yao ni hii. Nikajiambia, kumbe rahisi hivi! Hilo ndilo wazo la mwisho nililowaza nikiwa na pumzi.

Daraja la Tanzanite nililipanda nikiwa napitwa na kila kiumbe. Alinipita mama anayesukuma kigari cha mtoto. Alinipita mzee mwenye mvi hadi nyusi, akanigusa bega: "Taratibu, mwanangu." Mtoto ndani ya kigari alikuwa amelala.

Basi, nikaingia sehemu ya pili ya mpango. Nikatabasamu.

Dereva wa bodaboda pembeni ya barabara akawasha pikipiki. "Bosi, wapi?" Nikatikisa kichwa, meno yote nje. Akadhani nabembeleza bei. "Haya, buku mbili."

Mbele kidogo alikaa mama wa vitumbua. Tabasamu lilikuwa limeshaganda, silitawali tena. Akaanza kunifungia vitatu kwenye karatasi.

"Sinunui, mama, nipo kwenye mbio," nikasema, nahema.

Akanitazama toka raba hadi kipara. "Sasa ulikuwa unanichekea nini?"

Jibu sikuwa nalo. Nikatoa simu nimlipe, vidole vinachuruzika jasho, nikakosea namba ya siri mara mbili. Wakati huo gari la wagonjwa, lililokuwa likifuata mkia wa mbio, likasimama ubavuni. Dereva akafungua mlango bila hata kuniuliza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu wa marathoni, Olimpiki ya Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kushinda. Yeye alisema nchi yake ilimtuma akamalize mbio, si akaanze tu. Mimi hakuna aliyenituma. Ada nililipa mwenyewe, na haikuwa ndogo. Nikamwambia dereva afunge mlango.

Kocha alikuwa ameshamaliza zamani, akarudi kunifuata. Hakusema "nilikwambia", ingawa alikuwa na haki. Akachukua kitumbua kimoja, tukaanza kwenda mwendo wa kitumbua. Akanisimulia ugomvi wake na fundi bomba. Mimi nikamsimulia mwenye nyumba wangu. Nilipokuja kushtuka, kilomita mbili zimepita na sijaangalia saa wala mgongo wa mtu.

Kwenye mstari wa mwisho walikuwa wanang'oa mahema. Mpiga picha aliyebaki akanipiga moja: medali shingoni, kitumbua mkononi. Nikamtumia mke wangu kwa fahari.

Akajibu: "Hongera baba. Na sisi huku umetubakishia vingapi?"