Yeremia 10 Ina Mstari wa Tano Pia

Jumapili iliyopita watoto wa sande skuli wa kanisa moja huku Eastlands, Nairobi, walikuta mti wao wa Krismasi umetupwa nyuma ya vyoo. Tawi tu la msaipresi, ndoo ya mchanga, baluni na pamba ya duka la dawa. Mhubiri mgeni alikuwa amesema sanamu haiingii nyumba ya Bwana. Mpwa wangu akaniuliza, "Anko, kwani Mungu ametukasirikia?" Sijapoa mpaka sasa.

Silaha ya wanaopinga mti wa Krismasi kila Desemba ni Yeremia 10. Mtu anakata mti mwituni, anaupamba kwa fedha na dhahabu, anaukaza kwa misumari usitikisike. Mistari ya tatu na nne inasomwa kwa sauti ya radi, kisha Biblia inafungwa. Jamani, malizieni! Mti wa Yeremia umechongwa na fundi. Mstari wa tano unasema hauwezi kunena wala kutembea, lazima ubebwe. Ukifika wa tisa, umevishwa nguo za samawati na zambarau. Ni lini mliona msaipresi umevaa kanzu? Nabii anazungumzia mungu wa kuchongwa anayesujudiwa, na alihubiri miaka kama mia sita kabla ya Yesu kuzaliwa, kwa hiyo Krismasi ya kukemea haikuwepo. Tena huo mstari wa tano, ule wasioufikia, unasema msiziogope, haziwezi kutenda uovu wala wema. Yeremia haogopi sanamu yenyewe. Sisi tunatetemekea baluni. Na katika nyumba zote nilizokula chapati za Krismasi, sijaona mtu akiuomba mti karo ya Januari.

"Lakini ni wa wapagani!" Mti huu tunaoujua ulishika mizizi kwenye nyumba za Wakristo wa Ujerumani na Alsace (leo ni sehemu ya Ufaransa) karne ya 16. Uingereza uliingia fasheni hasa baada ya picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa kando ya mti wao kuchapishwa gazetini mwaka 1848. Na hata kama mpagani fulani alipamba tawi lake zamani, Paulo aliwaambia Wakorintho (1 Wakorintho 8) kuhusu nyama ya sadaka za miungu kwamba sanamu si kitu. Nyama iliyotolewa madhabahuni, sembuse tawi!

Najua, sura hiyo hiyo inasema tusimkwaze ndugu aliye dhaifu. Haya. Dhamiri ikikusumbua, usiweke mti kwako, nami nikija kukutembelea sitauliza. Ila ndugu dhaifu wa Paulo hakupewa maikrofoni.

Biblia haijaagiza mti, ni kweli. Haijaagiza kinanda pia, wala kutoa sadaka kwa M-Pesa. Wapuriti, wale Waprotestanti wakali wa Massachusetts kule Marekani, angalau walikuwa na msimamo: mwaka 1659 walipiga marufuku sherehe yote ya Krismasi, na aliyekamatwa akilipa faini ya shilingi tano. Wetu wanatupa mti halafu wanauliza pilau itaiva saa ngapi.

Kuhusu theluji ya pamba, hapo sina utetezi. Desemba Nairobi ni jua na vumbi. Mtu akitaka kuanzisha maandamano dhidi ya Baba Krismasi aliyejifunika manyoya saa nane mchana pale jengo la Archives katikati ya jiji, anipigie, nitabeba bango.