Pwani ya Mashariki ya Marekani, 1942: Meli za Ulinzi Zilikosekana, au Zilitumiwa Vibaya?

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyambizi za Ujerumani zilizofungua mashambulizi kwenye pwani hii ni tano tu. Admirali Karl Dönitz wa Ujerumani alikuwa ameomba 12, na kabla Januari 1942 haijafika katikati hizo tano alizopata zilikwisha kuvuka Atlantiki na kuanza kuwinda kuanzia pwani ya Kanada hadi Rasi ya Hatteras, North Carolina. Tarehe 14 Januari, U-123 ya kamanda Reinhard Hardegen iliizamisha meli ya mafuta Norness kusini mwa Long Island, na usiku uliofuata ikaizamisha nyingine, Coimbra. Kufikia Agosti, meli zaidi ya 600 zilikuwa zimezama kuanzia pwani hiyo hadi Karibi na Ghuba ya Meksiko, tani zake zikipita milioni 3. Wajerumani walipoteza nyambizi 22 kwa kazi yote hiyo.

Tangu hapo kuna mabishano ambayo hayajaisha. Upande mmoja unasema Admirali Ernest King, mkuu wa majeshi ya majini ya Marekani, alikataa kupanga meli za biashara katika misafara inayolindwa, na ukaidi huo ukawaua maelfu ya mabaharia. Wa pili unasema hakukataa chochote. Meli za kulinda misafara hazikuwepo, na asiyekuwa na kitu hawezi kulaumiwa kwa kutokigawa.

Hoja ya upande wa pili ni nzito kuliko inavyopewa heshima. Admirali Adolphus Andrews, aliyekabidhiwa ulinzi wa bahari hiyo ya mashariki, alianza na vyombo kama 20 kwa pwani ndefu kupita kilomita 2,000. Ndani ya hivyo mlikuwamo boti za zamani za doria, mashua za starehe zilizofungwa silaha, na vingine vilivyoundwa mwanzoni mwa karne. Nyambizi za Wajerumani za aina ya IX zilikimbia noti 18 (kama kilomita 33 kwa saa) zikiwa juu ya maji, kwa hiyo vingi vya vyombo hivyo visingeweza hata kuzifukuza. Ndege zilizokuwepo ni kama 100, nyingi za mafunzo, zisizofika mbali. Manowari za kisasa zilikuwa zinasindikiza wanajeshi kwenda Iceland na Uingereza, na nyingine zilihitajika Pasifiki baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor. King alichagua wanajeshi kwanza. Meli moja ya wanajeshi ikizama katikati ya bahari baridi, hupotea watu kwa maelfu ndani ya saa moja. Uchaguzi wake ulikuwa mgumu, na kuna mengi ya kuutetea.

Tena palikuwa na hofu ya msafara dhaifu. Wanamaji wa Marekani waliamini kwamba msafara usio na wasindikizaji wa kutosha ni kuwakusanyia maadui shabaha mahali pamoja. Mfano ulikuwepo: Oktoba 1940 msafara SC 7 ulitoka Kanada na meli 35, sehemu kubwa ya safari ukilindwa na manowari moja tu, HMS Scarborough, na meli 20 zikazamishwa.

Ila mfano huo haulingani na hali ya pwani. SC 7 ilishambuliwa na kundi la nyambizi zilizoitana kwa redio. Mwanzoni mwa 1942, nyambizi zilizokuwa mbele ya New York na Hatteras ziliwinda moja moja, kwa sababu mawindo yenyewe yalipita moja moja. Tufanye hesabu. U-123 ilibeba topido 22, ikawa na mirija minne omo (mbele) na miwili tezi (nyuma). Ikikuta meli moja moja, hutumia topido moja au mbili kwa kila meli, hujificha, hujaza mirija upya kwa utulivu, kisha husubiri inayofuata. Hurudia hivyo kwa wiki mbili mpaka topido ziishe. Nyambizi hiyohiyo ikikuta meli 20 kwa pamoja, ina nafasi moja. Itafyatua zilizomo kwenye mirija, labda ipate meli mbili au tatu, halafu ianze kujaza. Topido ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, huvutwa kwa minyororo ndani ya chumba chembamba, na zile zilizohifadhiwa chini ya sitaha ya nje haziingizwi ndani mpaka nyambizi iwe juu ya maji na bahari imetulia. Kazi hiyo ikiisha, msafara umeshafika mbali, na nyambizi ikiwa chini ya maji haizidi noti saba.

Tena meli 20 zilizokusanyika hazionekani mara 20 kuliko meli moja. Bahari ni pana, na kwa mwindaji aliye kwenye mnara wa nyambizi, msafara ni kama doa moja. Hata mzingo wa kulindwa haukui kwa kasi ya idadi ya meli: eneo likiongezeka mara mbili, mzingo wake hauongezeki hata mara moja na nusu.

Mambo haya hayakuwa mageni. Mwaka 1917 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walipinga misafara wakidai kwamba bandari zao hupokea na kutoa meli kama 5,000 kwa wiki, nani angeweza kuzisindikiza zote? Afisa mmoja, Reginald Henderson, alipochambua takwimu aligundua kwamba humo mlihesabiwa kila kijahazi cha pwani. Meli zilizovuka bahari kuu hazikuzidi sana 20 kwa siku. Hizo zilisindikizika, na misafara ilipoanza hasara ilishuka.

Sasa tutazame Marekani ilifanya nini na vile vyombo vichache. Ilivituma doria. Doria inaonekana kama kazi ya kijasiri, chombo kinakwenda kumtafuta adui, lakini ndiyo njia duni ya kutumia kilicho haba. Nyambizi inasikia mapangaboi yakija, inazama, inalala chini mpaka yapite, kisha inarudi juu. Kamanda wa nyambizi anayeijua ratiba ya doria huikwepa kwa urahisi. Mapema asubuhi ya 28 Februari manowari Jacob Jones ilikuwa kwenye doria peke yake karibu na Rasi ya May, mbalamwezi ikiwaka. U-578 iliipiga kwa topido. Tezi ilipozama, mabomu yake yenyewe ya kushambulia nyambizi yalilipuka chini ya watu waliokuwa wakielea. Katika mabaharia zaidi ya 140, waliopona ni 11.

Vifaa pia vilikuwa na mipaka yake, na wakosoaji wa King mara nyingi huruka jambo hili. Sona hutuma sauti na kusubiri mwangwi. Katika maji mafupi ya pwani mwangwi hurudi kutoka kwenye mabaki ya meli, miamba, hata makundi ya samaki. Karibu na Hatteras, maji ya vuguvugu ya Mkondo wa Ghuba hukutana na maji baridi, na mpaka wa joto huo huipinda sauti. Manowari ikiwa karibu sana na shabaha, mwangwi hupotea kabisa, na mabomu ya wakati huo yaliangushwa tezi, yaani baada ya chombo kupita juu ya nyambizi. Yalishuka mita mbili au tatu kwa sekunde. Nyambizi ilikuwa na muda wa kugeuka. Chombo kilichokwenda polepole katika kina kifupi kilikuwa hatarini kujivunjia tezi kwa bomu lake chenyewe. Kwa hiyo hata angetoa vyombo vyote 20 kwenye misafara, King asingezamisha nyambizi nyingi. Lakini msafara haupimwi kwa nyambizi zilizozama. Unapimwa kwa meli zilizofika.

Mabomu ya kutegwa yalileta balaa lake. Aprili 26, manowari Sturtevant ilizama karibu na Key West, Florida, kwenye mabomu yaliyotegwa na Wamarekani wenyewe, bila yenyewe kuarifiwa.

Kuna jambo ambalo upungufu wa meli hauwezi kulifunika: taa. Nyambizi ilishambulia usiku ikiwa juu ya maji. Kamanda aliiweka upande wa bahari kuu, meli ikapita kati yake na ufuo, na taa za miji zikaichora kama mstari mweusi. Kwa umbali wa mita 800 topido ya umeme ilihitaji chini ya dakika moja. Kuzima taa hakukuhitaji manowari hata moja, lakini amri ya kuzima taa za ufukweni ilitoka tarehe 18 Aprili, miezi mitatu baada ya Norness. Wala haisemeki kwamba walishtukizwa. Chumba cha ufuatiliaji cha Waingereza chini ya Rodger Winn kiliona nyambizi zikielekea magharibi na kutoa onyo kabla ya shambulio. Wajerumani waliongeza rota ya nne kwenye Enigma, mashine zao za kuficha ujumbe, Februari 1 tu, ndipo Waingereza wakashindwa kuusoma ujumbe wa nyambizi. Onyo la Januari lilikuwa limeshatoka.

Mwanzoni mwa Aprili ukaanzishwa mpango wa vituo: meli zinatembea mchana tu, kama maili 120, na usiku zinatia nanga kwenye hori iliyolindwa. Misafara kamili kati ya Hampton Roads, Virginia, na Key West ilianza katikati ya Mei. Tarehe 15 Julai U-576 iliushambulia msafara KS-520 wenye meli 19. Ilizipiga tatu, na moja, Bluefields, ikazama palepale. Ndani ya dakika chache ndege mbili ziliiangushia mabomu, meli ya biashara Unicoi ikaipiga kwa mzinga, ikaenda chini na watu wake wote 45. Siku chache baadaye Dönitz aliziondoa nyambizi zake mbele ya Hatteras.

Utetezi wa King una jibu moja la mwisho, na ni zuri. Nyambizi hazikwenda nyumbani, zilihamia Karibi na Ghuba ya Meksiko, ambako misafara ilikuwa bado haijafika. Kulinda kipande kimoja ni kusukuma hasara kwenye kipande kingine mpaka mnyororo wote uungane, na huo ulihitaji meli. Pia kati ya Januari na Aprili kuna kitu kiliongezeka: Waingereza walileta meli 24 za uvuvi zilizofungwa silaha, zinazotumia makaa ya mawe, pamoja na mabaharia waliozijua nyambizi. Mojawapo, Bedfordshire, ilizamishwa na U-558 mwezi Mei na hakupona hata mtu mmoja. Mabaharia wake wanne wamezikwa kwenye kisiwa cha Ocracoke, North Carolina.

Nikipima yote, naona upungufu unaeleza kwa nini misafara kamili ilisubiri hadi Mei. Hauelezi kwa nini meli zisilale horini usiku tangu Januari. Hori zilikuwepo, na vyombo 20 vya Andrews vingetosha kukaa kwenye milango yake. Tarehe 21 Juni King mwenyewe alimwandikia Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, kwamba kusindikiza ndiyo njia pekee yenye matumaini ya kuzishinda nyambizi.