Stering Akipigwa Risasi, Laini Inapinda

Mimi kazi yangu ni kunyoa. Nalisema mapema kwa sababu ukipita hapa kwetu Kondele saa kumi na moja jioni unaweza kudhani ni mahakama ya rufaa. Watu wamejaa kwenye benchi wamekunja nne, kila mmoja ana hukumu yake mdomoni, na mshtakiwa ni filamu. Aliyeitengeneza yuko Hollywood, amelala, hana habari kwamba huku Kisumu ameshapatikana na hatia. Mimi nimesimama na mashine nangoja watu wanyamaze niulize kama ndevu zinabaki au zinaenda.

Mwenye duka ndiye aliyeileta televisheni. Alisema wateja wanapenda burudani. Kweli wanaipenda, tena sana, shida ni kwamba hawaendi. Zamani mtu alinyolewa, akapakwa spiriti, akauma meno, akalipa mia yake, akashika njia. Siku hizi namaliza kichwa, mtu anatoka kwenye kiti, anahamia kwenye benchi: "Wacha kwanza nione kama huyu atakufa." Benchi zima ni watu walionyolewa kitambo. Mteja mgeni akichungulia anaona foleni, anaenda kwa jirani. Halafu jioni mwenye duka anahesabu pesa, ananitazama jicho la pembeni, anataka kujua mbona watu ni wengi na shilingi ni chache.

Ningevumilia kama wangekuwa wanatazama tu. Lakini kuna maoni.

Kwanza, hakuna mtu hapa ndani anayejua filamu yoyote kwa jina. Sikiliza hawa wawili:

"Omera, uliiona ile ya yule jamaa?"

"Jamaa gani?"

"Yule wa ile nyingine."

"Ile ya treni?"

"Zii, ile ya treni si alikuwa mbaya? Kwa hii amekuwa mzuri."

"Aaa! Hiyo! Hiyo haina kitu."

Wakagongana mikono. Wamekubaliana kabisa, na mimi niko tayari kuapa kwamba kila mmoja anaizungumzia filamu yake.

Halafu kuna kijana anayesajili laini za simu hapo nje. Huyu tangu anunue simu kubwa hajawahi kumaliza filamu hata moja, na bado anajua miisho ya zote. Anatazama vile vipande vya dakika moja ambapo mtu anakusimulia hadithi nzima mbiombio mpaka anakosa pumzi. Kwa hiyo ukiweka filamu, maandishi ya mwanzo hayajamaliza kupita, yeye amesimama mlangoni na mwavuli wake wa kazi: "Huyo mama mwenye miwani ndiye aliyewaua." Basi. Masaa mawili yaliyobaki tunamtazama mama mwenye miwani akipika, akibembeleza mtoto, akienda kanisani, na sote tunamchukia.

Soja wa usiku naye hutoka lindo, anakuja kutazama akiwa amefumba macho. Juzi alilala hata kabla stering hajapata sababu ya kukasirika. Akaamka watu wanakumbatiana na majina yanapanda kwenye skrini. Akajinyoosha, akapiga mwayo, akasema, "Hiyo filamu haina hadithi." Na kuna watu walioitikia kwa kichwa!

Wa bodaboda sitamsema sana kwa sababu ananibeba usiku kwa bei ya urafiki. Nitasema tu kwamba kwake yeye filamu isiyo na sauti ya DJ Afro, yule anayesimulia filamu za nje kwa Kiswahili, haijamaliza kutengenezwa. Siku moja tuliweka filamu ya Wachina ikiwa vile ilivyozaliwa, bila mtu wa kusimulia juu yake. Alitazama kidogo akakasirika, akasema tumeuziwa nakala ambayo maneno matamu yametolewa. Anakumbuka vizuri sana kwamba yule Mchina alimtukana adui wake kwa Kiswahili. Nikajaribu kumweleza. Akaniuliza kama nilikuwepo. Ndugu yake naye anafanya kazi upande wa Busia, na akija hutuletea zile zilizosimuliwa Kiganda na mavijei wa ng'ambo ile. Hakuna anayejua Kiganda hapa ndani, na hizo ndizo zinazochekesha watu kuliko zote.

Sasa ngoja nikueleze jinsi duka lilivyokaa. Televisheni imetundikwa juu ya mlango, nyuma ya kiti. Maana yake wa benchi anaiona ilivyo, na ninayemnyoa anaiona ndani ya kioo. Kwa wa kwenye kiti, stering anapiga risasi kwa mkono wa kushoto, magari yote yanaendeshwa upande mwingine, na maandishi ya chini yanasomeka kinyumenyume. Kuna ubishi ulizuka hapa kuhusu mwigizaji fulani kama ni mashoto, watu wakashikana mashati, mpaka mmoja akageuza kiti azunguke aone mwenyewe. Kiti hicho kina mtu, na mtu huyo ana mashine yangu kichwani.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Laini ya kwenye paji la uso ni kitu cha pumzi moja. Unashika kichwa kwa vidole viwili, unalaza mashine, unakata kutoka sikio hadi sikio, wewe hupumui na yeye hapumui. Niko katikati ya paji, stering anapigwa risasi ya bega. Mteja anaruka! Anageuka akamwone kwa uhakika mle mlangoni, si kwa kioo. Laini ilikuwa inaenda vizuri, sasa imepanda mlima. Ili kusawazisha nikaishusha upande wa pili, ikawa fupi, nikarudi huku, nikaenda kule, na filamu ilipoisha yule bwana alikuwa ameongezewa paji la uso ambalo hata baba yake hana. Stering alipona. Stering hupona siku zote, hata mtoto wa chekechea anajua, sasa kuruka ni kwa nini?

Lakini iliyonimaliza kabisa ni ile ya meli, Titanic, ya mwaka 1997. Nusu ya waliokuwa wakiibishia walikuwa hawajazaliwa. Nilikuwa na mteja kwenye kiti, kijana mpole, nimemaliza upande mmoja. Kwenye benchi alikuwepo jaduong' mmoja aliyevua samaki miaka mingi pale Dunga, mzee wa heshima, huja kunyolewa ndevu na kwa kawaida huwa hasemi. Ikafika pale Jack yuko majini ameshika ukingo wa ubao, na Rose yuko juu amejilaza. Mzee akasimama.

"Huyu msichana asogee!"

Tukamwambia jaduong' kaa, hiyo ni filamu.

"Mimi nimeona mtumbwi ukipinduka. Watu wanne wameshikilia tumbo lake mpaka asubuhi, na mmoja alikuwa mnene. Hapo nafasi ipo. Asogee!"

Mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake hapa ni kutueleza yale tuliyofeli darasani, akasema kwamba kilichomuua kijana ni baridi. Ile ilikuwa Atlantiki ya kaskazini, usiku wa Aprili mwaka 1912, na maji yalikuwa chini ya sifuri.

"Mwalimu," akasema mzee taratibu, "maji yakiwa chini ya sifuri ni barafu. Angetembea."

Mwalimu akaingia kwenye somo la chumvi, jinsi inavyozuia bahari isigande upesi. Soja akaamka hapo kwenye chumvi, akauliza kama chakula kimefika.

Yule wa laini za simu akatoa simu yake. Kumbe James Cameron mwenyewe, aliyeiongoza hiyo filamu, aliulizwa swali la ubao kwa miaka hadi akachoka, na mwaka 1997 ukiwa mbali nyuma, mnamo 2023, akaonyesha jaribio: akachukua watu wawili, wataalamu wa baridi, maji baridi na ubao wa kuiga ule, wakajaribu kukaa kwa njia kadhaa. Kwa njia moja, ile ambayo Rose anampa Jack koti lake la kuelea, akakubali kwamba huenda kijana angefika hadi wa kuokoa waje. Benchi lote likapiga kelele. Watu walimpigia jaduong' saluti. Akakaa, akatikisa kichwa, akasema hao wangempigia simu tu.

Ningepata nafasi ya kumalizia ule upande wa pili wa kichwa, lakini kijana hakuzima simu. Akaendelea kusoma kwamba ule ubao wenyewe, ule wa kuigizia, ulipigwa mnada Marekani mwaka 2024 ukanunuliwa kwa dola 718,750.

"Hiyo ni ngapi ya kwetu?" Huyo ni fundi seremala wa Kibuye. Alikuwa ametulia siku nzima.

"Zaidi ya milioni 90."

"Ubao?"

"Ubao."

"Ni mvule?"

"Fundi, si mvule, ni wa kuigizia, hauwezi hata kubeba watu wawili, si umeona?"

Nawaambia yule mwanamume alibadilika rangi. Anasema yeye anatengeneza meza ya watu sita kula, mbao ngumu, msasa mara mbili, vanishi, na mtu anamtolea elfu nne huku analia ada za shule. Akaanza kupima kwa macho mlango wetu wa duka. Jaduong' naye akasema kwa pesa hiyo wangenunua boti zenye injini za kutosha Dunga nzima, na huyo kijana hangekufa, na hata hiyo filamu isingehitajika.

Mwalimu ndiye aliyefunga. Akatueleza kwamba meli halisi ilichukua kama saa mbili na dakika arobaini kuzama baada ya kugonga barafu, na filamu ni saa tatu na robo hivi. Yaani kuitazama ni kazi ndefu kuliko kuzama. Kijana wangu mpole wa kwenye kiti, nywele upande mmoja, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kumaliziwa. Watu wakamwambia anyamaze, wimbo umeanza.

Hizo za nje tunaweza kuzisema vibaya. Lakini kuna moja usijaribu. Black Panther ilipoonyeshwa hapa Kisumu mwezi wa Februari 2018, mji wote ulijichukulia hisa, kwa sababu Lupita Nyong'o ni wetu. Alizaliwa Mexico, ndiyo, hata magazeti yameandika, lakini simama Kondele useme hivyo kwa sauti halafu utafute pa kunyolea. Kwa hiyo maoni kuhusu filamu hiyo ni mafupi. Hadithi ilikuwaje? Lupita alifanya vizuri. Na yule adui? Adui alikuwa na hoja, lakini Lupita alifanya vizuri. Ilishinda Oscar tatu mwaka uliofuata, mojawapo ya mavazi, na mama mshonaji wa hapo kando ndiye pekee aliyethubutu kuikosoa. Anasema mabega ya zile nguo yangekaa vizuri zaidi kama wangemuuliza.

Nyumbani nako si afadhali. Nafika nimechoka, Mama Otis yuko kwenye tamthilia yake ya Wafilipino wanaoongea Kiswahili cha redioni, na mtu fulani amepoteza kumbukumbu tena. Ananiuliza leo tumetazama nini kazini. Namwambia sijui. Anacheka: mtu anashinda na filamu kutwa, hajui hata moja! Mama Otis, mimi ninachokitazama kutwa ni visogo.

Na stima, hiyo ndiyo inajua kuchagua wakati. Ikapotea juzi kisu kikiwa shingoni mwa stering na mashine yangu ikiwa katikati ya utosi wa mtu. Ungedhani watamhurumia aliyeketi hapo na njia ya ng'ombe kichwani. Wapi! Wote walikuwa wanamlilia stering. Wa laini za simu akajitolea kutueleza mwisho, wa bodaboda akasema akifungua mdomo atampeleka hadi Nyamasaria amwache huko, na kelele zilipotulia mteja alikuwa ameazima kofia ya soja, ameondoka. Hajalipa, na kwa kweli sikuwa na uso wa kumdai.

Nikaenda kwa mwenye duka, nikamwambia hii kitu aiondoe au aihamishe. Akasikiliza vizuri, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Akasema amenielewa, watu wanageuka sana, na suluhisho analo: mwezi ujao analeta televisheni kubwa, ataiweka mbele ya kiti, mtu atazame bila kugeuza shingo.

"Mbele kuna kioo," nikamwambia.

"Kioo tutakitoa."

"Sasa mteja ataonaje kichwa chake?"

"Kwani wewe hukioni?"