Mgeni Asiyebisha Hodi

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia kwamba nilikimbizwa kwa panga kutoka Soweto hadi Kabwe, hapa hapa Mbeya, nikiwa pekupeku, naona ni heri niwasimulie mwenyewe, maana panga halikuwapo na viatu nilikuwa navyo.

Mnaufahamu mfululizo wangu wa michoro: Mlima Loleza ukigombea blanketi la ukungu na jirani yake, kisha viazi vya Uyole vikiwa kwenye kikao cha ukoo. Mchoro wa tatu ulikuwa Kimondo cha Mbozi. Wazo lake lilinijia kule kule Ndolezi kilipo, nilipoliona lile pande la chuma lililoanguka kutoka angani limekaa juu ya kiti chake cha saruji kama mtu anayesubiri ugali uive. Nikajiambia kuwa huyu ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi na mpaka leo hajaaga. Nikampa tumbo, nikamkalisha kwenye kigoda, na pale alipokatwa kipande nikamwekea pengo la jino la mbele. (Uso niliutoa wapi, wafuasi wangu, msiniulize, mkono wa mchoraji hauombi ruhusa.)

Jumamosi niliitundika michoro yote uani kwa vibanio vya nguo ili wino ukauke, ingawa baridi ya Julai hapa Mbeya haikaushi hata leso. Rafiki yangu, ambaye anajua vizuri kwamba baba mwenye nyumba wetu husukuma mlango kila mwisho wa mwezi, huvuta kigoda na kukaa hadi kodi ipatikane, akamwita: "Mzee, njoo uone kazi ya mpangaji wako."

Mzee alikuja na mjukuu wake. Akautazama Loleza, akacheka. Akavitazama viazi, akacheka hadi akashika mbavu, akisema kimoja kati yake ni shemeji yake kabisa. Kisha akafika kwenye kimondo. Alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Nilimwona akiyasoma maandishi ya chini kwa midomo, neno baada ya neno: "Mgeni... asiyebisha... hodi." Kicheko kikamwishia. Ulimi wake ukatoka taratibu, ukapita pale lilipo pengo lake, ukarudi ndani. Ndipo mjukuu akanyoosha kidole na kusema kwa furaha: "Babu, na kigoda chako kipo!"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaanza kueleza wazo la mchoro.

"Mzee, hilo ni jiwe tu."

"Kwa hiyo mimi ni jiwe?"

"Hapana, mzee, kwa kweli ni chuma, na nikeli kidogo."

Nikaongeza, kwa nia ya kumtuliza, kwamba uzito wake unazidi tani 10, kwamba urefu wake ni kama mita 3, na kwamba hakuna mwenyeji hata mmoja anayekumbuka alifika lini. Kila nilipofafanua, mzee wa watu alizidi kunenepa mbele ya wapangaji wote, ambao kwa wakati huo walikuwa wameacha kufua na kupika. Nikamalizia kwamba watu hulipa kiingilio ili wamwone.

"Na wewe," akanijibu, "unamwona bure, tena unadaiwa kodi ya miezi miwili."

Mengine yalikwenda haraka. Niliomba radhi mbele ya mkewe, nikaliziba pengo kwa rangi nyeupe kwa amri ya mzee, naye akauchukua mchoro bila kutoa hata senti. Sasa umetundikwa sebuleni kwake, juu ya televisheni. Kodi nililipa kesho yake kwa pesa za kukopa, na aliyenikopesha ni yule yule rafiki.

Juzi mzee alikuja kama kawaida yake. Alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akabisha hodi mara tatu kwa sauti ya kusikika hadi Mwanjelwa, akasubiri nimkaribishe, kisha akavuta kigoda.